Jinsi ya kumfundisha mkaguzi wa kiwanda cha maji ya chupa

Mkaguzi mgeni akifika kiwandani huulizia kwanza cheti cha maabara. Cheti kinahusu chupa chache zilizopimwa. Zilizojazwa usiku wa jana hakizijui. Ndiyo maana mimi hufundisha kuyafuata maji, tangu yanapoingia mpaka kizibo kinapofungwa.

Hatua ya 1: Achore njia ya maji. Mpe karatasi tupu, fomu ikae kando. Achore chanzo, tangi la maji ghafi, machujio, taa ya UV (mionzi inayoua vijidudu), mtambo wa ozoni (gesi inayoua vijidudu) na mashine ya kujazia, kisha alinganishe na mchoro wa kiwanda. Bomba lisilokuwemo kwenye mchoro wa kiwanda aliulizie papo hapo, maana huenda ni njia ya kulikwepa chujio mtambo unapoharibika.

Hatua ya 2: Ajue kila mtambo hushindwa vipi. Hapa usiharakishe. Chujio la kaboni huondoa klorini, na maji yakishatoka humo hayana kinga. Bakteria wanaweza hata kuzaliana ndani ya kaboni yenyewe. Kwa hiyo yote yanategemea kinachofuata. Taa ya UV huweza kuwaka vizuri machoni na isiue vijidudu, kwa sababu nguvu yake hupungua kadiri inavyotumika. Taa nyingi hubadilishwa baada ya saa 9,000 hivi. Kioo kinachoizunguka nacho hushika ukoko unaozuia mionzi. Mkaguzi asome saa zilizotumika, aulize taa ilibadilishwa lini, halafu aombe risiti ya taa mpya. Ozoni nayo isizidishwe: ikikutana na maji yenye bromidi, chumvi ya asili, hutengeneza bromati, kemikali yenye madhara ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita.

Hatua ya 3: Asimame chumba cha kujazia, atazame mikono. Chupa ikikwama, nani anaichomoa, na anagusa nini baada ya hapo? Gunia la vizibo lililoachwa wazi linaharibu kazi yote ya machujio. Kwa madumu makubwa yanayorudishwa, ahakikishe yananuswa kabla ya kuoshwa, kwani huko yalikotoka huenda yaliwekewa mafuta ya taa au dawa ya wadudu, na plastiki hunyonya harufu.

Hatua ya 4: Sampuli. Chombo cha sampuli ya vijidudu kiwe safi kabisa na chenye sodiamu thiosulfeti, kemikali inayozima dawa ya kuua vijidudu. Bila hiyo, klorini au ozoni iliyobaki itaendelea kuua vijidudu njiani, na majibu yatapendeza bure. Sampuli isafirishwe kwenye kasha la baridi, ifike maabara na kupimwa ndani ya saa 24. E. koli, bakteria wa kinyesi, asionekane hata mmoja katika mililita 100.

Hatua ya 5: Rejista ya vipimo vya kila siku. Vipimo halisi hupanda na kushuka. Ukurasa wenye namba ileile mwezi mzima, kwa mwandiko na wino uleule, unatia shaka. Mkaguzi apime mwenyewe palepale, alinganishe. Kisha achukue chupa moja, asome namba ya bechi (mzigo uliojazwa pamoja), aombe aonyeshwe mzigo huo uliuzwa wapi.

Hatua ya 6: Ripoti. Mrudishie kila ripoti yenye maneno kama “usafi hauridhishi”. Aandike: “Saa 4:20 asubuhi, fundi alifungua mashine ya kujazia bila glavu, hakunawa, akaendelea kupakia vizibo.” Meneja hawezi kulibishia hilo, na anajua pa kuanzia kurekebisha.