Kuku Aliyekosa Mnunuzi Asirudi Bandani

Matenga ya kuku yanayoshushwa masokoni Mwanza hutoka kila upande: Magu, Misungwi, Sengerema, hata Shinyanga na Simiyu. Kuku wa wafugaji wasiofahamiana hulala kizimba kimoja na kunywea kopo moja. Ndiyo maana anayetaka kujua mapema kama virusi vya mafua ya ndege vimeingia kanda hii aanzie sokoni, asisubiri mabanda yateketee.

Hofu hii ina msingi. Januari 2017 Uganda ilitangaza mafua makali ya ndege, aina ya H5N8, baada ya ndege pori kuokotwa wamekufa karibu na Entebbe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, ziwa letu hilihili. Huko Masaka wakafa bata na kuku wa kufugwa.

Wataalamu wa mifugo wakija sokoni, kazi yao haichukui muda. Kijiti chenye pamba hupitishwa kooni na kwenye kinyeo cha ndege; vingine hufutwa kwenye sakafu ya vizimba, ubao wa kukatia na mfereji wa machinjio. Sampuli huwekwa kwenye barafu na kupelekwa maabara. Kwangu mimi, bata na uchafu wa vizimba vitangulie. Bata anaweza kubeba virusi huku anatembea mzima kabisa, na kizimba kimoja kina kinyesi cha ndege wa vijiji kadhaa. Ukiona wataalamu, usifiche kuku anayesinzia. Huyo ndiye anayetafutwa.

Kinachotuchelewesha ni mdondo (kideri), ugonjwa mwingine wa kuku wenye dalili zinazofanana. Kuku akivimba kichwa, upanga ukageuka bluu, akafa ghafla, jibu tunalo tayari: mdondo huo! Kwa macho hata daktari hawezi kutofautisha. Maabara ndiyo inayoamua. Chanjo ya mdondo haizuii mafua ya ndege, lakini inasaidia kushtuka: kuku waliodondoshewa tone la chanjo hiyo jichoni kila baada ya miezi 3 wakianza kufa kwa mkupuo, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Usipasue mzoga, na waliobaki usiwakimbize sokoni.

Kuku asiyeuzika ni heri achinjwe hukohuko sokoni. Ukilazimika kumrudisha, mtenge siku 14, kwa chombo chake cha maji. Tenga lisuguliwe kwanza kwa sabuni, ndipo lipakwe dawa ya klorini, kwa sababu klorini huisha nguvu ikikuta kinyesi. Kisha lianikwe juani.

Hong Kong, ambako watu 18 waliugua H5N1 mwaka 1997 na 6 wakafa, ilianza mwaka 2001 kufunga masoko ya kuku siku moja kila mwezi ili yasafishwe yakiwa matupu. Virusi vya H9N2, aina nyingine ya mafua ya ndege, vikapungua. Viongozi wa masoko yetu wanaweza kuchagua siku ambayo biashara ni hafifu, mradi vizimba vyote viachwe vitupu kwa pamoja: kimoja tu chenye kuku wa jana kinatosha kuwaambukiza watakaoshushwa kesho asubuhi.