SOMO: Pleya yako ndogo ya muziki itoe sauti safi, hatua kwa hatua

Wadau habari zenu. Kuna watu wengi hapa Nairobi bado wanatembea na MP3 pleya na mi ni mmoja wao, juu pleya haina simu ya kukatiza wimbo katikati, chaji inakaa, na mtu akikunyang'anya pale Tom Mboya hajaenda na M-Pesa yako. Shida yenye wengi wanalalamikia ni sauti. Mtu ananunua pleya Luthuli, anajaza ngoma, anavaa eafoni, anaskia sauti bapa haina besi, halafu kitu ya kwanza anafanya ni kuingia kwa ikwalaiza, ile sehemu ya kuongeza na kupunguza besi na sauti za juu, na kupandisha kila kitu mpaka juu. Hapo ndio anaharibu kabisa. Sauti inaanzia kwa faili, inapita kwa pleya, inafika kwa eafoni, inaingia kwa sikio, na ukitaka kuitengeneza fuata njia hiyo hiyo bila kuruka. Ikwalaiza ni ya mwisho. Chenye kilipotea kwa faili hakuna eafoni ya bei yoyote itakirudisha.

HATUA YA 1: Kagua faili zako

CD ya kawaida inabeba kilobiti 1,411 kwa kila sekunde (kbps). MP3 ya 128 kbps imebaki na kama sehemu moja kwa kumi na moja ya hiyo. Zingine zimetupwa, na zilitupwa kwa akili, programu inaangalia ni nini sikio halitagundua haraka ndio itoe hiyo. Kwa sauti ya mtu anayeongea hutajua tofauti. Lakini weka wimbo wenye kayamba ama matoazi mengi kwa 128 halafu uskize vizuri, ile kayamba haina tena punje punje zake, inakuwa kama maji yanayotiririka kwa bomba. Gitaa la benga nalo, zile nota za juu zenye zinafukuzana mwisho wa wimbo, zinapoteza ncha.

Sasa faili nyingi zenye tunajaziwa kwa maduka ya muvi mtaani zimetolewa YouTube na zile tovuti za kubadilisha, na imeandikwa 320. Hiyo 320 ni jina tu. Sauti yenyewe ilikuwa imeshabanwa kabla, wakaibana mara ya pili wakaipa namba kubwa, umepata faili nzito na sauti ile ile ama mbaya zaidi.

Ya kujua ukweli, weka programu ya bure inaitwa Spek kwa kompyuta. Vuta wimbo uuangushe hapo na itakuchorea picha ya rangi, upande wa kushoto kuna namba za masafa, yaani sauti nzito chini na sauti kali juu, mpaka karibu 22 kHz. Kama rangi zinapanda halafu zinakatika ghafla pale 16 kHz, zimekatwa mstari mnyoofu na juu yake ni giza tupu, hiyo ilikuwa 128 hata kama jina linasema 320. MP3 ya 320 ya ukweli kawaida inafika karibu 20. Lakini usihukumu zilizopendwa kwa hiyo picha peke yake, rekodi nyingi za zamani hazikuwa na masafa ya juu tangu siku ya kurekodiwa, kwa hivyo giza hapo juu si kosa la aliyekuuzia.

Kama uko na CD zako toa mwenyewe kwa kompyuta uweke FLAC, hii ni aina ya faili inapunguza uzito wa faili bila kutupa hata kitu kimoja. Pleya ikikataa FLAC weka MP3 kwa LAME, programu ya kutengeneza MP3, kiwango chake cha juu cha V0 ama 320. Na tafadhali usichukue MP3 ya 128 uigeuze FLAC ukidhani imepona.

HATUA YA 2: Sawazisha sauti za nyimbo

Hii watu huirukanga na ni dakika chache tu. Ngoma za sai zinarekodiwa zikiwa juu kabisa, rumba za kitambo ziko chini, kwa hivyo kila wimbo ukibadilika unapandisha na kushusha. Kwa MP3 tumia MP3Gain, inabadilisha kiwango kwa ngazi za desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 1.5 bila kubana faili upya na ukitaka unaweza kurudisha vile ilikuwa. Iache kwa desibeli 89 vile inakuja, usipandishe. Kwa FLAC tumia programu ya foobar2000 iandike alama za ReplayGain, zenye zinaambia pleya ishushe ama ipandishe kila wimbo kiasi gani, halafu uwashe hiyo ReplayGain kwa pleya kama iko nayo.

HATUA YA 3: Pleya yenyewe

Kwanza zima mapambo yote, zile zinaitwa 3D, Super Bass, Live, Concert. Zima zote uskize sauti ikiwa uchi.

Halafu kama uko na pleya inayokubali, weka Rockbox. Hii ni programu endeshi ya bure, ilianza 2001 na Waswidi fulani wenye hawakuridhika na ile iliyokuja na pleya zao za Archos, na mpaka leo watu wa kujitolea wanaiendeleza. Inaingia kwa Sansa Clip+, Clip Zip, Fuze, iPod za kitambo pamoja na zile Classic zenye Apple waliacha kuuza 2014 na bado ukibahatika unazipata mtumba. Ukiweka unapata FLAC, nyimbo zinaungana bila pengo katikati, ReplayGain, na ikwalaiza ya ukweli ambayo unachagua masafa mwenyewe. Chaji pleya ijae, nakili nyimbo zako kando, halafu tumia Rockbox Utility kwa kompyuta, inakufanyia karibu kila kitu. Hakikisha umechagua modeli kamili, Clip na Clip+ si kitu kimoja. Kwa nyingi ile programu ya zamani inabaki ndani na unaweza kuirudia.

HATUA YA 4: Eafoni na sikio

Hapa ndio besi za watu wengi zimepotelea na hawajui. Eafoni za kuingia ndani ya sikio zinahitaji kuziba kabisa, hewa ikipita kidogo tu besi inaenda. Jaribu hivi, cheza wimbo wenye besi halafu sukuma eafoni taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ukisukuma na kupungua ukiachilia, zile raba hazikutoshi. Ndani ya boksi huwa kuna saizi zingine na watu huzitupanga na karatasi. Jaribu kubwa, na usishangae sikio la kushoto likitaka saizi tofauti na la kulia, ni kawaida. Ukiweka, vuta sikio juu kidogo na mkono wa upande ule mwingine ndio njia ifunguke, halafu ingiza.

Angalia pia kile kichujio kidogo kwa mdomo wa eafoni. Nta ikijaa hapo upande mmoja unapungua na mtu anadhani eafoni imekufa. Shika eafoni ikiangalia chini, piga piga na brashi kavu ya meno ili uchafu uanguke nje na usirudi ndani. Usitie maji.

Eafoni za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 16 mpaka 32 ndio zinafaa pleya ndogo. Zile hedifoni kubwa za studio za omu 250 ni nzuri sana lakini pleya haina nguvu ya kuzisukuma, utaskia sauti nyembamba na utamlaumu aliyezitengeneza bure.

HATUA YA 5: Sasa ikwalaiza

Kanuni yangu ni kushusha, si kupandisha. Wimbo wa kisasa tayari umegusa dari. Ukiongeza besi desibeli 6 umeyadai mawimbi yake yapande mara mbili na hakuna nafasi ya kupandia, kwa hivyo mawimbi yanakatwa vichwa na ndio ule mkwaruzo unaskia. Kama lazima uongeze besi kwa 6, shusha sauti yote kwa 6 kwanza. Kwa Rockbox kuna sehemu inaitwa Precut kwa kazi hiyo. Halafu pandisha voliumu kawaida.

Sauti ikiwa nzito ina ukungu, punguza pale 200 mpaka 300 Hz kama desibeli 3, na mara nyingi hapo tu vokali inatoka wazi na besi inaskika imekaza bila kuguswa. Herufi za "s" zikikuchoma sikio, punguza kati ya 6 na 8 kHz.

Na ukilinganisha, ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, hakikisha voliumu ni sawa. Sikio linapenda chenye kiko juu hata kama si kizuri, na wengi wamedanganyika hapo.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Rongai: Mkuu asante kwa somo. Mi hupanda mathree (matatu) za huku unajua vile zinapiga muziki, hata nikifikisha voliumu mwisho siskii vizuri na inaanza kukwaruza. Ninunue ampu ya kuongeza nguvu ya sauti?

Jibu: Hapana kaka, usinunue ampu, utajiumiza. Tafuta raba za sponji, zile unafinya na vidole unaingiza halafu zinafura ndani ya sikio, zinazuia kelele za nje kuliko silikoni na utajikuta unashusha voliumu mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 huo muda unakatwa nusu. Piga hesabu ukiwa 95 uone umebaki na muda gani, na jam ya Lang'ata Road peke yake inaweza kuumaliza. Rockbox iko na sehemu ya kuweka kikomo cha voliumu, iweke ukiwa nyumbani pametulia. Na kama gari linapiga kweli kweli, zima pleya yako uache hizo raba masikioni.

Mdau wa Kayole: Yangu iko na shida ya ajabu, sauti ya mwimbaji imepotea, naskia vyombo tu na mwangwi kwa mbali. Faili ni mbovu?

Jibu: Faili iko sawa. Kushoto na kulia zinatumia waya mmoja wa kurudi, na huo ukikosa kugusa vizuri pande mbili zinaanza kutoana. Chenye kiko sawa pande zote kinafutika, na mwimbaji kawaida huwekwa katikati, kwa hivyo yeye ndio anapotea kwanza. Kama eafoni zako ni za simu zenye maiki, finya kile kitufe cha maiki ukishikilia. Sauti ikirudi basi mpangilio wa jeki yako na wa pleya haupatani, tafuta eafoni zisizo na maiki. Isiporudi, angalia ndani ya tundu la pleya na tochi, huwa kuna vumbi la mfuko limeshindiliwa mpaka jeki haifiki mwisho. Zima pleya, litoe na kijiti cha meno cha mbao, usitumie pini. Halafu futa jeki na ile aisopropili mafundi wa simu wanatumia.

Mdau wa Umoja: Bosi nilipata memori kadi ya 256 kwa bei poa sana, mwanzoni nyimbo zilicheza fiti, sai nyimbo mpya zinakwama ama zinakuwa kimya.

Jibu: Hiyo dalili ni ya kadi feki. Imeandikwa 256 lakini ndani ni ndogo, ukipita uwezo wake inaandika juu ya nyimbo za kwanza ama inapoteza. Nakili chenye bado kinacheza, halafu uipime na H2testw kwa Windows ama F3 kwa Linux, ijaze yote usipime nusu. Siku ingine omba upimiwe kabla ya kulipa, na akikataa wewe enda duka lingine.

Mdau wa Eastleigh: Na blutuu je? Pleya yangu iko nayo.

Jibu: Inatumika lakini sauti inabanwa tena njiani. SBC ndio njia ya kubana yenye kila kifaa cha muziki cha blutuu lazima kiwe nayo, na kama pleya na hedifoni zote ziko na njia zingine za aptX ama LDAC chagua hiyo. Ukiwa na waya karibu, mi nasema tumia waya.

Mdau wa Kawangware: Nikiskiza nikichaji naskia zzzz kwa nyuma.

Jibu: Ni kelele ya umeme inapita kwa chaja. Chaji na pawabenki uone kama itanyamaza, ikinyamaza badilisha chaja.

Mdau wa Buruburu: Kaka, mzee wangu ana kaseti nyingi za benga na anataka kuziskiza kwa pleya. Naanzia wapi?

Jibu: Dada hapo umenigusa, rekodi zingine za hivyo hazipatikani popote tena. Anza na deki, safisha kile kichwa cha kusoma na pamba na aisopropili mpaka pamba itoke bila rangi ya kahawia, na ile raba ya kuvuta utepe pia. Peleka kaseti mbele mpaka mwisho na urudishe ndio utepe ulegee. Halafu toa waya kutoka tundu la layini aut (la kutoa sauti) la deki uingie kwa layini in (la kuingiza) ya kompyuta, usichomeke kwa tundu la maiki. Rekodi na programu ya Audacity, kilele kisipite -6 dB, upande mzima bila kusimamisha, nyimbo utazikata baadaye. Sauti ikiwa imefunikwa hata baada ya kusafisha, kuna skrubu ndogo kando ya kichwa, fundi anayejua deki aizungushe kidogo sana wimbo ukicheza mpaka kayamba itokeze. Programu ya kuondoa mvumo itumie kidogo tu ama uiache, ukiiminya sana inaondoka na gitaa. Hifadhi kwa FLAC kwa kompyuta, na kwa pleya ya mzee weka MP3 za V0. Ukikwama kwa waya niandikie aina ya deki nikuangalizie.