Kifundo cha mguu kimeteguka, maumivu yameisha, lakini balansi je?

Watu wengi wakiteguka mguu wanasubiri uvimbe ushuke, wakiona hawachechemei tena wanarudi mpirani, haipiti muda mguu uleule unakunjika tena na wanasema mguu una mkosi. Hauna mkosi jamani. Zile kano (nyuzi ngumu zinazounga mfupa na mfupa) za upande wa nje wa kifundo, ndo huumia mara nyingi, kazi yake sio kushika mifupa tu, ndani yake kuna neva zinazouambia ubongo mguu umekaaje, sasa zikichanika hata kidogo taarifa inachelewa na misuli inakuja kushtuka mguu ushapinda.

Kabla ya yote, kama huwezi kupiga hata hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo unauma sana, kapige eksirei kwanza.

Siku za mwanzo funga bandeji, inua mguu, uchezeshe taratibu, na anza kukanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu, maana ukilala tu wiki nzima kifundo kinakakamaa.

Ukishaweza kuusimamia, anza balansi. Peku, karibu na ukuta. Simamia mguu mzima kwanza sekunde 30 ujue kawaida yako ikoje, halafu ulioumia, goti lilegee kidogo na vidole visikamate sakafu. Utatetemeka, usiogope, kule kutetemeka ndo kifundo kinajifunza upya. Rudia mara 3 kila siku, mimi nilikuwa nafanya nikipiga mswaki.

Ikiwa rahisi, fumba macho. Hapa ndo wengi wanagundua bado hawajapona, kwa sababu muda wote macho yalikuwa yanaficha udhaifu wa mguu, kwa hiyo mkono usiwe mbali na ukuta. Baadaye simama juu ya mto, kisha ukiwa kwenye mguu mmoja peleka ule mwingine mbele, pembeni, nyuma, bila kuukanyagia.

Sambamba na hayo nyanyua visigino, kwanza miguu miwili halafu mmoja. Kuruka kunakuja mwisho, na mguu utue kimyakimya bila kuyumba.

Maumivu madogo sio shida, ila kesho yake ukiamka umevimba zaidi, rudi hatua moja nyuma. Mpira subiri mpaka mguu ulioumia uruke na kusimama sawa na mwenzake, na hata ukisharudi usiache yale mazoezi ya balansi, endelea nayo miezi kadhaa.