Umemchoma Kulungu Mshale, Sasa Umpate: Mwongozo kwa Mwindaji wa Upinde

Huku Pennsylvania, Marekani, msimu wa upinde ukianza, kila mtu ana habari ya kulungu aliyedondoka palepale. Aliyeondoka na mshale ubavuni hasimuliwi. Basi tuanze na huyo. Kwenye kituo cha jeshi la majini cha Indian Head, Maryland, waliweka hesabu kati ya 1989 na 2006: kulungu 908 walipigwa kwa mishale, na 162 hawakupatikana. Ni kama 18 katika kila 100. Anayekuambia hajawahi kupoteza hata mmoja, ama ameanza juzi, ama anakuficha.

Mnaosoma mkiwa Kenya mnajua kwamba uwindaji umepigwa marufuku huko tangu 1977, na Uingereza nako huruhusiwi kumpiga kulungu kwa upinde. Ninayoandika hapa ni ya mahali ambapo una kibali mkononi.

Hatua ya 1: Elewa mshale unavyoua

Risasi huvunja na kutikisa mwili. Mshale hukata tu, na mnyama hufa kwa kuvuja damu. Akishapoteza kama theluthi ya damu yake, anaanguka. Mshale ukipita mapafu yote mawili, hilo ni suala la sekunde chache, na mara nyingi utamkuta ndani ya mita 100 au zaidi kidogo. Ukipita kwingine, ni saa nyingi.

Kwa hiyo kigumba, yaani ncha ya chuma ya mshale, kiwe wembe kwelikweli. Kivute taratibu juu ya mpira mwembamba ulionyooshwa: kama hakiukati mara moja, kinoe au kitupe. Sheria ya Pennsylvania inataka upinde wenye mvuto wa ratili 35 (karibu kilo 16) na kigumba chenye upana wa kukata usiopungua milimita 22 hivi. Hicho ni kiwango cha chini, usikifanye lengo.

Hatua ya 2: Kataa kupiga

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kulungu akiwa amesimama ubavu, au mshazari huku kichwa kikielekea mbali nawe, mpige. Akiwa amekukabili kifua, amekupa mgongo, au yuko chini kabisa ya ulingo wako (jukwaa la kuvizia mtini), muache. Ukiwa juu ya mti usiangalie mshale utakapoingilia peke yake. Angalia utakapotokea upande wa pili, maana shimo la chini ndilo litakalomwaga damu ya kufuata.

Halafu kuna umbali. Upinde wa kisasa wa kapi hurusha mshale kwa kama mita 85 kwa sekunde, na sauti ya upote (kamba ya upinde) husafiri mita 340. Kulungu akiwa mita 30, sauti inamfikia kabla mshale haujamaliza theluthi ya njia. Hapo hakwepi mshale kama watu wasemavyo. Anakunja miguu ili aruke, na mwili mzima unashuka. Ulilenga katikati ya mapafu, mshale unapita juu, kwenye nyama ya mgongo.

Mimi mwisho wangu ni mita 25, na nalenga theluthi ya chini ya kifua, nyuma kidogo ya mguu wa mbele. Kulungu aliyeinua kichwa na kusimamisha masikio simpigi hata akiwa mita 15. Najua wapo wanaopiga mita 50, na kwenye shabaha ya sponji wanapatia kila siku. Sponji haina masikio.

Hatua ya 3: Ukishaachia, usishuke

Kaa. Tazama. Akirusha miguu ya nyuma juu na kukimbia kwa nguvu akiwa ameinama, kuna matumaini ya moyo au mapafu. Akikunja mgongo, akaondoka kwa kutembea na mkia umefichwa, umempiga tumboni. Shika alama mbili: alipokuwa amesimama, na mti wa mwisho alipopita ukimwona. Zipige picha na simu ukiwa bado juu, kwa sababu ukifika chini miti yote inafanana. Kisha sikiliza. Majani makavu ya Oktoba husema mengi: mbio, kishindo, kimya.

Hatua ya 4: Soma mshale

Tafuta mshale wako na usiufute kwenye suruali. Uvutie kwenye karatasi nyeupe ya chooni, polepole, kutoka kwenye kigumba hadi kwenye manyoya, uangalie rangi inayobaki.

Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu dogo dogo ni mapafu. Damu nzito ya rangi ya zambarau iliyoiva, isiyo na povu, ni ini. Majimaji ya kijani au kahawia yenye chembe za majani yaliyotafunwa ni tumbo, na hapa pua ina kazi: unuse mshale karibu kabisa. Harufu ya choo inaweza kubaki hata pale damu inapoonekana nzuri, na ukiipata, iamini harufu kuliko rangi. Mafuta meupe yanayoteleza bila damu nyingi ni mgongo au kifua cha chini.

Angalia na nywele pale alipokuwa amesimama. Nyeupe nyingi zinaonyesha mshale umepita tumbo la chini. Za kahawia zenye ncha nyeusi zinatoka sehemu za juu.

Hatua ya 5: Subiri

Mapafu: nusu saa. Ini: saa 4 hadi 6. Tumbo: saa 8 hadi 12, yaani ukimpiga jioni, unarudi asubuhi. Ukiwa na shaka, chukua muda mrefu zaidi.

Kulungu aliyepigwa tumboni kwa kawaida hulala karibu, pengine hatua 200 tu kutoka ulipo, na akiachwa hufia hapo. Ukimfukuza anaamka na kwenda mbali bila kuacha hata tone. Watu watakutisha kwa mvua, joto na koyote, mbwa mwitu wadogo wa huku. Ni kweli nyama huharibika usiku wa joto, na koyote wanaweza kukutangulia. Lakini kumwamsha hakutakupa nyama bora, kutakunyima kulungu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao, wakimchoma mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu, humpa muda kabla ya kufuata nyayo.

Hatua ya 6: Fuata damu

Tembea pembeni mwa njia ya damu, kamwe usiikanyage. Watu wawili wanatosha: mmoja anasimama kwenye tone la mwisho, mwingine anatafuta lijalo. Kila tone weka kipande cha karatasi ya chooni, kisha geuka utazame nyuma. Mstari wa karatasi utakuonyesha anakoelekea. Usiangalie chini tu, tazama pia mashina na majani kwa urefu wa goti hadi kiuno. Kwenye majani mekundu ya vuli, nyunyiza haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda; penye damu patatoa povu.

Hatua ya 7: Damu ikikatika

Damu nyingi ya kung'aa inayopungua na kwisha baada ya mita 150 mara nyingi ni jeraha la nyama ya bega au mgongo. Wengi wa hawa wanapona. Mfuate hata hivyo hadi uwe na sababu ya kusema hivyo.

Kabla hujaita marafiki sita kuchana msitu, piga simu kwa mwenye mbwa wa kufuatilia damu. Pennsylvania imeruhusu mbwa hao, wakiwa wamefungwa kamba, tangu 2018, na chama cha United Blood Trackers kina orodha ya wenye mbwa katika majimbo mengi. Miguu ya watu ikishasambaza damu kila upande, umemharibia mbwa kazi. Kama njia inaingia shamba la jirani, gonga mlango kwanza.

Hakuna mbwa? Anza na maji: vijito, mabwawa, vichaka vizito vya bondeni. Kisha gawa eneo kwa mistari na uipite mmoja mmoja. Siku ya pili, tazama juu ujue kunguru na tai mzoga wanazunguka wapi.

Hatua ya 8: Ukimkuta

Mwendee kwa nyuma. Gusa jicho kwa kijiti kirefu. Macho ya aliyekufa kwa kawaida huwa wazi. Yaliyofumba yanamaanisha bado yu hai, na hapo unarudi nyuma utafute nafasi ya mshale wa pili mapafuni.

Waislamu wenzangu: Bismillahi husomwa wakati wa kuachia mshale, na ukimkuta hai na nafasi ipo, unamchinja. Aliyepatikana baada ya siku, akiwa na alama ya mshale wako tu, hadithi ya Adiy bin Hatim inaruhusu aliwe, lakini si aliyekutwa amezama majini. Ndiyo maana kwenye kijito huwa naangalia kwanza amelala vipi kabla sijamvuta.

Funga lebo ya kibali kwenye sikio la kulungu kabla hujamsogeza. Mpasue haraka, toa matumbo, na ufungue kifua kipate baridi. Kama mshale ulipita tumboni, osha ndani kwa maji safi, ukaushe, na ukate utupe kila kipande kilichoguswa na uchafu.