Msumeno wa betri: mkato kwanza, betri ifuate, mashine baadaye

Mtu akinifuata nimsaidie kuchagua msumeno wa betri, simwulizi ana kiasi gani mfukoni wala anaipenda kampuni ipi. Namwuliza mwezi uliopita alikata nini. Wengi hunyamaza kidogo, kisha huanza kuhesabu kwa vidole: fremu ya mlango, plaiwudi mbili za kabati, tawi lililoangukia ua. Jibu hilo ndilo linalochagua msumeno. Mimi ni seremala, nimetumia misumeno ya waya wa umeme na ya betri, na kosa ninaloliona kila mara ni lile lile: mashine imenunuliwa kwanza, kazi yake ikatafutwa baadaye.

Hatua ya 1: Andika mikato yako, upime na unene

Chukua kalamu uorodheshe unachokata kweli, si unachotamani kukata siku moja. Kila kimoja kiandikie unene wake, na kama mkato ni mnyoofu, wa pembe au wa kupinda. Unene upime kwa tepu, usiukisie. Ubao unaoitwa wa inchi mbili ukisharandwa haufiki milimita 50.

Pembe ndiyo inayowaponyoka wengi. Ubao wa milimita 38 ukiukata kwa bledi iliyolazwa digrii 45, bledi inapita mshazari, kwa hiyo inapasua karibu milimita 54 za mbao. Ndiyo maana msumeno wa bledi ya milimita 165, ambao ukisimama wima hukata mbao nene ya milimita 55 hivi, ukilazwa digrii 45 huishia kwenye 40 hivi. Ubao wako wa 38 utapita kwa kubana. Wa 45 hautapita, na utalazimika kuugeuza uukate upande wa pili, kisha uanze kuhangaika kuusawazisha. Kama kwenye orodha yako kuna mikato mingi ya pembe kwenye mbao nene, hapo tayari unahitaji bledi ya milimita 190.

Hatua ya 2: Mkato uitaje aina ya msumeno

Mikato mirefu iliyonyooka, iwe ni kupasua mbao au kugawa plaiwudi, ni kazi ya msumeno wa duara. Mikato ya kupinda, na matundu ya sinki au ya soketi, ni ya jigso. Kubomoa, kukata mbao zenye misumari ndani au bomba lililobanwa ukutani, ni kazi ya ule msumeno mrefu wa kwenda na kurudi; una nguvu lakini mkato wake ni wa kukwaruza, usiutegemee kwa fanicha. Magogo na matawi yaachie msumeno wa mnyororo.

Hakuna mmoja unaofanya yote. Kwa seremala anayeanza, mimi humwambia achukue wa duara wa milimita 165, na jigso iwe ya pili. Yote miwili, meno hukata yakipanda juu, hivyo mbao huchanika upande unaokutazama. Uso mzuri wa plaiwudi ulaze chini.

Hatua ya 3: Chagua betri kabla ya mashine

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Ukinunua mashine ya kwanza umeingia kwenye familia ya betri ya kampuni hiyo, na kila drili, grainda na taa utakayoongeza itataka betri zile zile. Kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya nyingine. Ipo miungano ya kampuni zinazotumia betri moja, kama CAS ulioanzishwa na Metabo mwaka 2018, lakini bado ni kundi lenye mipaka yake. Kama una drili ya betri unayoiamini, tazama kwanza misumeno ya familia hiyo kabla ya kwenda kwingine.

Kisha usibabaishwe na volti. Betri iliyoandikwa volti 18 na iliyoandikwa 20 kwa kawaida ni kitu kimoja: zote zina seli tano za lithiamu zilizopangwa mstari. Kila seli ina wastani wa volti 3.6, mara tano ni 18. Ikiwa imejaa chaji, seli hufika volti 4 na kidogo, mara tano ni 20 na kidogo. Mmoja ameandika wastani, mwingine ameandika kilele. Tofauti ya kweli iko kwenye mashine za volti 12, ambazo naziona ni za mbao nyembamba tu, na zile za 36 na kuendelea, ambazo nyingine hupata volti hizo kwa kubeba betri mbili za 18.

Kinachokuambia betri ina akiba kiasi gani ni wati-saa: zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya 18 yenye 2.0 ina wati-saa 36. Yenye 5.0 ina 90. Msumeno wa duara unakula umeme kwa fujo, na betri ndogo haiishi haraka tu, bali inalegea. Kwa kawaida betri ya 2.0 ina safu moja ya seli, umeme wote unapita humo, volti zinashuka, mota inapoteza mzunguko. Ya 5.0 ya seli za kawaida ina safu mbili zinazogawana mzigo. Msumeno ule ule, ukibadilisha betri tu, unasikia sauti imebadilika. Kwa msumeno wa duara nisingekwenda chini ya 4.0, na ningetaka betri mbili, moja ikikata nyingine ikiwa kwenye chaja.

Niliwahi kununua betri ya akiba ya rejareja kwa sababu bei ilinivutia. Ubavuni iliandikwa 5.0. Nilipoipachika nikahisi mashine haijaelemea nyuma kama kawaida, na kwenye plaiwudi ya tatu ikazima. Nilipoiweka kwenye mizani pamoja na betri yangu ya zamani yenye maandishi yale yale, tofauti ilikuwa karibu robo kilo. Ndani zilikuwamo seli tano za saizi inayoitwa 18650, na seli ya ukubwa huo haibebi ampea-saa 5. Zilitakiwa kumi. Seli moja ina uzito wa gramu 45 hadi 50, kwa hiyo kumi peke yake zinakaribia nusu kilo, na hilo huwezi kuliiga kwa stika. Siku hizi zipo seli kubwa kidogo za 21700 zinazofika 5.0 kwa seli tano, kwa hiyo linganisha betri na nyingine ya modeli ile ile. Usiifungue mwenyewe, mizani inatosha.

Hatua ya 4: Ishike mkononi, betri ikiwa imepachikwa kisha imetolewa

Kwanza ipime uzito betri ikiwa ndani, kwa mkono utakaokatia, ukiunyoosha mbele kama unakata. Mashine nyepesi kabatini hubadilika tabia ikibebeshwa betri kubwa.

Halafu toa betri na ufanye mambo haya. Vuta kinga ya chini ya bledi hadi mwisho, iachie. Irudi kwa kishindo, isisite wala kukwama katikati. Rudia mara kumi. Kinga inayochelewa dukani, siku ikijaa vumbi haitarudi kabisa, na itakuwa karibu na paja lako. Geuza mashine, weka rula ya chuma juu ya bamba la chini uangalie mwanga: likiwa limepinda, hutapata mkato wa wima hata uirekebishe namna gani. Tazama kama ukiwa umesimama kawaida unauona mstari wa penseli bila kuinamisha shingo juu ya bledi.

Mota chagua isiyo na kaboni. Haina brashi za kaboni za kubadilisha, haipotezi umeme kwa msuguano wa brashi hizo, na chaji ile ile inakufikisha mbali zaidi. Na breki ya bledi ni lazima kwangu: ukiachia swichi, bledi isimame ndani ya sekunde chache. Msumeno wa betri huwekwa chini haraka haraka kwa sababu hauna waya wa kukukumbusha.

Hatua ya 5: Bledi

Bledi inayokuja na mashine itumie kujifunzia. Kwa kupasua na kazi za mbao nene, meno 24 yanatosha. Kwa plaiwudi na melamini, 40 au zaidi. Chagua iliyo nyembamba. Inayokata upana wa milimita 1.6 inageuza kuwa unga theluthi mbili tu ya mbao ambayo ile ya 2.4 ingeigeuza, na kila unga huo umelipiwa na betri. Soma pia tundu la katikati, kwa sababu yapo ya milimita 15.88, 20 na 30, na mzunguko wa juu ulioandikwa kwenye bledi uwe sawa au zaidi ya ule wa mashine.

Hatua ya 6: Ijaribu mapema, dhamana ikiwa hai

Kata ubao wako mnene kuliko wote kwenye orodha, si kipande cha mabaki. Weka kina ili meno yatokeze chini milimita 5 hivi. Kipande kinachodondoka kiwe huru kudondoka. Ukiegemeza ncha zote mbili, mbao inabonyea katikati, mkato unafunga na kuibana bledi, na mashine inakurukia. Vaa miwani, vizibo vya masikio na barakoa inayozuia vumbi, kwani vumbi la mbao limo katika kundi la vitu ambavyo IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, inathibitisha vinasababisha saratani.

Sikiliza mota. Sauti ishuke kidogo tu bledi inapoingia, kisha itulie. Ikiendelea kushuka, punguza kasi ya kusukuma, kisha jaribu bledi nyingine. Ikiwa hata kwa bledi mpya na betri iliyojaa mashine inazima katikati ya ubao wa kawaida, irudishe. Baada ya mikato kumi shika betri: joto kidogo ni sawa, lakini ikikuunguza kiganja, iache ipoe kabisa kabla ya kuitia kwenye chaja, na siku inayofuata rudia jaribio hilo hilo kwa betri ya pili. Hapo utajua kama tatizo liko kwenye betri au kwenye mashine.