Glavu kwa mjengo: vile unaweza kuleta sheria na watu wakazivaa kweli

Mara ya kwanza nilijaribu hii kitu ilianguka vibaya. Tulikuwa na saiti ya flati upande wa Mamboleo hapa Kisumu, watu kama thelathini hivi, kontrakta akanunua glavu za pamba zile nyeupe za bei ya chini akasema kuanzia leo asiyevaa anarudi kwake. Siku ya tatu ukipita unaona zimening'inia kwa mifuko ya nyuma, zingine zinapangusa karai, na mama wa chai alikuwa na yake ya kushikia sufuria. Sikuwalaumu. Pamba ikishika simiti mbichi inanyonya yale maji inakaa nayo kwa ngozi, na yale maji ni makali, pH (kipimo cha asidi na alkali) inafika 12 hadi 13, sasa huyo mwenye glavu iliyolowa anaungua pole pole akidhani amejikinga, afadhali hata yule wa mikono mitupu ambaye anaona uchafu akanawa.

Kwa hivyo usianze na duka. Anza na daftari, zunguka saiti siku mbili uandike nani anashika nini. Fundi wa chuma anashika nondo na bainding waya, mtu wa mkono anabeba mawe na kuchanganya konkriti, fundi wa mbao anang'oa misumari kwa fomu (zile mbao za kushikilia konkriti), welda ana moto, wa rangi ana thina. Hakuna glavu moja ya hao wote, na ukinunua moja ndio mwanzo wa ile hadithi yangu ya Mamboleo.

Simiti mbichi inataka glavu isiyopitisha maji, raba ama nitraili (aina ya raba ya kiwandani) yenye mkono mrefu, maana ile fupi konkriti inaingia kwa kifundo inakaa ndani na hapo umeharibu zaidi. Glavu ya ngozi usipeleke kwa simiti, inanyonya, hiyo ni ya welda na ya kubeba mawe makavu. Chuma na mbao tafuta zile za nyuzi zenye mipako kwa kiganja tu, mgongo wa mkono uko wazi unapumua, na kwa jua la Kisumu saa nane mchana hiyo kupumua ndio inaamua kama mtu atavaa ama ataweka mfukoni. Wa rangi na thina, soma maandishi ya mkebe kwanza maana si kila raba inastahimili kila kemikali.

Ukienda dukani angalia kama kuna picha ya ngao yenye nyundo na maandishi EN 388 (kiwango cha Ulaya cha glavu za kazi), chini yake kuna nambari nne. Ya kwanza ni kusuguliwa, ya pili kukatwa, ya tatu kuraruka, ya nne kudungwa, kubwa ndio nzuri, halafu kuna herufi A hadi F ya kukatwa pia, F ndio kali kabisa. Ukiona X hicho kipimo hakikufanywa. Lakini usikimbilie nambari kubwa ukasahau vidole, glavu nene fundi wa chuma hawezi kufunga waya nayo, ataivua, na glavu iliyovuliwa ni sifuri. Saizi pia, watu wananunua kubwa tupu, wanawake wanaochota mchanga wanabaki wakiogelea ndani.

Sasa hapa ndio pale wengi hukosea: wape wajaribu kabla hujaandika sheria yoyote. Chukua aina tatu, wape mafundi wanne wale wabishi kabisa, si wale wanaokubali kila kitu, wakae nazo wiki moja halafu uulize. Mzee mmoja fundi wa chuma aliniambia wazi, "Hii yako ya kwanza ni ya kuvaa kanisani." Tulibadilisha, na huyo mzee ndiye akawa anawaambia vijana wavae, mimi sikuhitaji kupiga kelele.

Karatasi yenyewe iwe ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, na asubuhi mtu aisome kwa sauti, kwa Dholuo pia kama kuna wazee. Andika kazi gani glavu gani. Na andika kwa herufi kubwa mahali glavu ni MARUFUKU: drili ya kusimama, msumeno wa meza, mashini ya kukunja chuma, mikisa ya konkriti ikiwa inazunguka. Hapo kitambaa kikishikwa kinavuta mkono mzima. Mikisa inazimwa kwanza, ndio inaoshwa. Sheria inayosema "vaeni glavu kila wakati" itaumiza mtu siku moja.

Pesa ni ya mwajiri. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 101, inamtaja mwajiri na inataja glavu, kwa hivyo usimkate kibarua wa siku kitu chochote kwa mshahara. Kila mtu apate yake, andika jina na maka peni, jasho la mwenzako halivaliki na magonjwa ya ngozi yanapitia hapo. Iliyoraruka inabadilishwa papo hapo kwa stoo bila kesi, leta ya zamani chukua mpya. Zingine zitaenda kijijini Seme kupalilia mahindi wikendi, najua, weka hiyo kwa bajeti usianze kupekua mifuko ya watu.

Kama mko ishirini ama zaidi sheria inataka kamati ya usalama, basi hiyo kamati ndio ifuatilie, foremani pekee ataonekana adui. Wiki mbili za kwanza ni kukumbusha tu. Baadaye mara ya kwanza onyo la mdomo, ya pili linaandikwa, ya tatu anatolewa hiyo kazi siku hiyo. Na injinia ama mwenye nyumba akija akashika nondo na mikono mitupu, mrudishe pia, hata kama ndiye analipa, vibarua wanaangalia hapo tu.

Weka jerikeni ya maji safi na sabuni karibu na mahali pa kuchanganya, watu waache kunawa na petroli. Mtu akianza kuwashwa katikati ya vidole usimwambie ajikaze, kromiamu, kemikali iliyo ndani ya simiti, inaleta aleji na ikishashika mwili haitoki kirahisi, mpeleke hospitali na umpe kazi nyingine.

Halafu siku ya kumwaga slabu ya konkriti. Hiyo siku wanakuja watu kumi na tano hujawahi kuwaona, wametoka Nyalenda na Kondele alfajiri, na stoo haina kitu. Nunua pea za raba ndefu za akiba wiki moja kabla, ugawe getini kabla mtu hajashika karai.