Somo: Kunasa nyuzi za ubwiriunga kwenye picha ya hadubini yenye chengachenga (vidoti vya ovyo)

"Mistari inakatika", "uzi mmoja unatoka miwili": maswali haya yamejibiwa humu mpaka basi. Mfano wangu ni nyuzi za ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu, zilizobanduliwa kwa selotepu kwenye jani la mkorosho. Programu ni Fiji, ya bure, pamoja na kiongezi chake Ridge Detection.

1. Hifadhi TIFF. JPEG hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kingo zake zitahesabiwa mistari.

2. Bila kugusa slaidi, piga picha 16 za pale pale, zitie wastani. Chengachenga hupungua mara 4.

3. Geuza iwe biti 8, yaani ngazi 256 za kijivu.

4. Sigma, yaani kiasi cha kulainisha picha kabla ya kutafuta mistari. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usikisie! Kuza picha, pima upana wa uzi kwa pikseli sehemu tano sita, gawa kwa 3.46, jumlisha 0.5. Uzi wa pikseli 7 unatoa 2.5 hivi. Ukiweka ndogo mno, programu inaanza kufuata kingo badala ya katikati ya uzi, na chengachenga zinageuka vijistari. Ukiweka kubwa mno, nyuzi jirani zinaungana. Ukihama lenzi ya 10 kwenda ya 40, upana umekua mara 4, kwa hiyo pima upya.

5. Kuna vizingiti viwili vya ukali wa mstari: cha juu huanzisha mstari, cha chini huuendeleza. Ukikatika, shusha cha chini tu.

Mdau wa Newala: Mkuu, sigma ya ubwiriunga ni ngapi?
Jibu: Hatua ya 4.

Mdau wa Newala: Nimeweka 2.5, haishiki kitu.
Jibu: 2.5 ni ya uzi wa pikseli 7. Wako una ngapi? Na kama nyuzi ni nyeusi juu ya weupe, weka tiki kwenye Darkline.

Binti Mikindani: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusitumie Hough, ile njia nyingine ya kutafuta mistari?
Jibu: Marahaba. Swali zuri. Hough ya kawaida huacha kila pikseli ipigie kura mistari iliyonyooka inayoweza kuipitia, ndiyo maana hata chengachenga nyingi haziisumbui sana. Uzi wa kuvu unapinda na kutoa matawi, kwa hiyo kura zinatawanyika. Kwa mikwaruzo ya kioo, Hough itakufaa sana.

Lindi Mjini: Mimi kuna mstari unatokea picha zote, pale pale.
Jibu: Zungusha kamera. Mstari ukibaki ulipo kwenye picha, uchafu uko kwenye kamera. Ukihama, angalia lenzi.

Binti Mikindani: Huku pwani lenzi nazo zinaota kuvu. Zangu nazifungia kwenye kopo na silika jeli ya kunyonya unyevu.
Jibu: Sawa kabisa. Ila silika ikilowa ni mzigo tu, ikaushe kabla ya kuirudisha.